Kijiji Kisicho na Watu

Chepkoech alikuwa saluni kwa msusi wake Immaculée, mtaa wa Albert Park, nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko timtim, ujumbe wa sauti wa Mahin ulipoingia kwenye simu. Mahin ni mama wa Iran aliyemlaza na kumlisha mwaka jana, alipokwenda kupiga picha kijiji cha nyumba za udongo kilichojengwa kando ya bustani ya kale ya Kiajemi. Maji hushuka mlimani kwa mfereji wa chini ya ardhi, hupita bustanini, kisha huingia kijijini. Chepkoech, mhadhiri wa majengo ya kale, alitaka vyote viwili vihifadhiwe.

"Wamefunga maji yetu," Mahin alisema kwa Kiingereza cha kuokoteza. "Bodi ya urithi inasema bustani ichukue yote, kwa sababu kijijini hakuna anayeishi. Wameona kwenye picha zako. Tafadhali waambie."

Roho ilimsuta papo hapo. Picha zile alizipanga mwenyewe, na nakala akaitumia bodi mwenyewe. Alitaka kuta za kale zionekane safi, basi akawaomba watu waanue nguo, wafiche matangi ya plastiki na madishi ya televisheni, nao wasogee nyuma ya kamera kidogo tu. Wakampisha huku wakicheka, na Mahin ndiye aliyehangaika kufukuza mbuzi. Picha zilizomnasa mtu kwa bahati mbaya alizifuta siku hiyo hiyo. Chepkoech na usafi wake! Hata kivuli cha mtu kilimkera.

"Dada, iko nini? Uso yako imebadilika," Immaculée alisema.

Akamweleza.

"Eish! Basi uwaandikie sasa hivi. Uwaambie watu iko."

"Nitaandika. Ngoja maonyesho yapite, ni Ijumaa."

"Na ule mama atakunywa nini mpaka vendredi?"

Chepkoech akaitia simu mkobani. Picha hizo hizo ndizo zilizokuwa zionyeshwe Ijumaa hiyo katika ukumbi mmoja wa Greyville, na kukiri kwamba zilipangwa kungekuwa kujipaka matope mbele ya wakubwa wake wa chuo. Akajipa moyo kwamba siku chache hazina neno.

Ijumaa alipigiwa makofi mpaka akaona haya. Wiki iliyofuata alikuwa na mitihani ya kusahihisha, kisha homa, ya kweli kidogo na ya kusingizia kwa sehemu kubwa. Kila ujumbe wa Mahin aliusikiliza mara moja akaizima simu. Aibu ilimla, na kadiri ilivyomla ndivyo alivyozidi kunyamaza. Mwezi ukakatika.

Alipowaandikia bodi hatimaye, walijibu upesi na kwa adabu: wako tayari kufungua maji, ila atume picha zinazoonyesha wakazi. Akafungua kompyuta pale kwake Berea. Uchochoro baada ya uchochoro, paa baada ya paa, hakuona hata mkono wa mtu.

Akampigia Mahin. "Anikeni nguo, toeni matangi, kila mtu asimame mlangoni kwake. Nipigie picha kwa simu, leo leo."

"Sawa," Mahin alisema. Wala hakumuuliza alikuwa wapi muda wote huo.

Picha ilifika alasiri. Milango yote ya uchochoroni ilikuwa na makufuli. Mbele alisimama Mahin peke yake, amevaa koti la safari, mifuko miwili miguuni. Wenzake walikuwa wamehamia mjini, aliandika, kwa sababu watoto hawakuweza kukaa bila maji. Yeye mwenyewe alikuwa anaondoka kesho yake.

Chepkoech akapiga tena. "Mama, usiondoke, nakuomba! Naituma hii sasa hivi. Watafungua maji."

"Wamfungulie nani, binti yangu?" Mahin aliuliza, bila hasira yoyote.