Hodi ya Tatu

Siku ile nililala mchana, jambo ambalo mimi huwasema wengine kwa kulifanya. Lakini kilichochoka kwangu kilikuwa roho, si mwili. Asubuhi mlinzi wa hoteli ya jirani alimwinua shangazi yangu, Bi Zuwena, kutoka barazani alipozoea kukaa kwa miaka arubaini. "Samahani, bibi, hapa sasa ni pa wageni." Shangazi akajikung'uta buibui, akasema, "Haya baba, nao wapumzike," akarudi ndani. Niliyaona yote dirishani na sikufungua mdomo. Ningesema nini? Mtaa wetu wa Mji Mkongwe umebakiwa na nyumba tatu tu zenye wenyewe ndani, na yetu, niliyoachiwa na marehemu baba, nilikuwa nimekwisha kukubali kwa simu kuiuza. Dalali angekuja alasiri na karatasi nitie saini. Shangazi hana pengine pa kuweka kitanda chake, na nilikuwa sijamwambia. Nilijilaza ghorofani, nikimsikia chini akitwanga bizari, usingizi ukanichukua.

Nikajiona natembea katika mtaa uleule, ila kuta zake zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe hata macho yakauma, na milango ya kuchonga imesuguliwa ikang'aa, na hapakuwa na harufu ya chochote: si ya kitunguu kinachokaangwa, si ya udi, si hata ya mtaro. Hapakuanikwa nguo. Hakulia mtoto, wala hakuna aliyegombana na mkewe. Nikaogopa, kwani mtaa usio na ugomvi hauna watu. Mara akatokea mwanamke mrefu, kanga kaifunga kibwebwe, akitembea huku akigusa kila mlango kwa kiganja kama apimaye homa. "Mimi ni Hadhari," akasema. "Niliishi kwenu zamani. Mlinihamisha mimi mwanzo, kabla ya wote."

Nikamuuliza wenyeji wako wapi. Akanionyesha kizee aliyekaa chini juani, mbele ya jumba zuri, sinia la kahawa magotini. "Huyo ni Ukarimu. Jumba hilo lilikuwa lake."

"Kanyang'anywa?"

"Hakunyang'anywa. Sikiliza, mwanangu, uijue sheria ya nchi hii. Kwenu mtu husema 'karibu, hapa ni kwako,' na mgeni akajua kuwa ni adabu, akanywa kahawa, akaenda zake. Hapa neno hilo ni hati. Tamaa hupita mlango kwa mlango, kavaa vizuri, anapiga hodi kwa sauti ya upole. Akijibiwa, yamekwisha. Akipiga mara tatu asijibiwe, hana budi kuondoka, kama ada ilivyo. Lakini hajawahi kuondoka."

"Karibuni kahawa," Ukarimu akatuita, akitabasamu, na nikaona kwamba vikombe vyake vyote vilikuwa vitupu.

Nikageuka nikimbie, nikajikuta nimo ndani ya nyumba yetu, nyuma ya mlango, na nje nyayo zikasimama. "Hodi!" Sauti ilikuwa tamu. Nikauma ulimi. Ubavuni pangu palikuwa na binti aliyejitanda ushungi, hanitazami usoni. Nikamjua bila kuambiwa kuwa ni Haya, niliyelelewa naye. "Jibu," akaninong'oneza. "Watu watasema nini? Mgeni anasimamishwa mlangoni!" Hodi ya pili ikapigwa, na ukuta ukadondosha chokaa. Hadhari, aliyekuwa nje ya dirisha, akasema taratibu, "Haya ni vazi la mtu, lakini hata vazi humkaba mwenyewe akilifunga vibaya." Haya akanifinya. Ikaja ya tatu, na kinywa changu kikafunguka chenyewe, kikasema lile neno tulilofunzwa kabla hatujajua kutembea. Mlango ukaachia. Tamaa akaingia, na uso wake ulikuwa uso wangu mimi. Akanipa mkono. "Ahsante," akasema. "Sasa nisaidie kumtoa huyu bibi."

Niliamka jasho likinitoka, adhana ya alasiri imekwisha. Nikaelewa, na kuelewa kuliniuma. Sikuwa na shida yoyote ya kuuza, wala hakuna aliyenishika mkono. Niliona haya kumkatalia dalali aliyeniita kaka kwa upole, na tamaa ikaitikia kwa niaba yangu. Nikaapa pale kitandani kwamba sitii saini.

"Hodi!" ikaja kutoka chini. Ilikuwa sauti ya Feruzi, dalali mwenyewe. Nikanyamaza. "Hodi hapa!" Nikanyamaza, nikijiona shujaa. "Hodi wenyewe!" Nikashusha pumzi: tatu hizo, sasa ataondoka.

"Karibu, mwanangu!" shangazi akaitikia kutoka uani, kwa furaha ya mtu ambaye siku nzima hajatembelewa. "Pita ndani, hapa ni kwako. Keti nikuletee kahawa."

Nikasikia komeo likivutwa. Niliteremka ngazi nikitafuta maneno ya kukataa na nisiyapate, maana nyumba yetu haikupata kunifunza hata moja. Feruzi alikuwa amekwisha kukaa, karatasi zake kaziweka juu ya mkeka. Shangazi alisimama mbele yake na kikombe mkononi, bado anatabasamu, ila tabasamu lile lilianza kutojua liende wapi.

"Njoo, baba, umsikie huyu kijana," akaniambia. "Ananiuliza nahamia wapi."