Siku za Matanga

Wanakijiji waliziita Siku za Matanga, na wageni hawakukosa kucheka, maana mashua ina matanga na maiti naye ana matanga yake. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili injini zilifunikwa maturubai, mashua zikashindana kwa upepo mtupu kama enzi za mababu, na kila mwenye kitanda cha ziada akapata mgeni wa kukilalia.

Mshona matanga wa kijiji alikuwa mwanamke, nao walimwita Fundi tu. Mumewe alikuwa Chiriku. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo: ukimsalimia asubuhi, ulikuwa na bahati ukiachiliwa kabla ya jua la mchana. Miaka mitatu nyuma, katika mashindano haya haya, mashua yake ilipinduka. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana. Majirani walipokuja na mikeka yao kukaa matanga, mama yake alisimama mlangoni akawauliza, "Matanga ya nani? Nani kaona maiti?" Wakakunja mikeka, wakarudi makwao.

Tangu siku ile Fundi hakuwa mke, wala hakuwa mjane. Aliendelea kuishi na mama mkwe wake katika vyumba viwili nyuma ya soko la samaki, cherehani dirishani, shati la Chiriku msumarini. Mama mkwe alilifua kila wiki, akalirudisha pale pale.

Ijumaa hiyo Fundi alikuwa ameinamia tanga lililochanika la wageni wa ng'ambo ya ghuba, jirani yao muuza samaki alipoingia bila hata hodi.

"Mama Chiriku, nimeona jambo, na macho yangu hayajaanza kuzeeka," alisema, anahema. "Kwenye ile mashua yenye mstari mwekundu yuko mtu. Kama si mwanao, basi Mungu kachapa nakala."

Mama mkwe alitoka na kanga moja, miguu mitupu. Fundi alimfuata na viatu vya mama mkononi, moyo unamdunda hata akaona haya. Miaka mitatu alikuwa amejiambia kwamba hangoji tena.

Mtu mwenyewe alikuwa amechuchumaa akikwangua ubavu wa mashua. Alipogeuza uso, Fundi alishika nguzo iliyokuwa karibu. Paji la uso lilikuwa lile, mashavu yale, hata meno ya mbele yalipandana vile vile. Kisha mtu akasimama, na moyo wa Fundi ukarudi chini polepole kama ndoo kisimani. Chiriku hakusimama hivyo. Masikio hayakuwa yake, vidole havikuwa vyake. Mke hahitaji muda mrefu.

Mama alihitaji muda mrefu zaidi, au hakuutaka kabisa. Alikuwa ameshamkumbatia.

"Mwanangu! Mwanangu, ulikuwa wapi?"

"Mama, shikamoo. Umenifananisha, mama yangu."

"Marahaba. Tangu lini mzazi akamfananisha mwanawe?"

Mabaharia wenzake walianza kucheka, wakaona uso wa yule mama, wakaacha. Yule mtu alimtazama Fundi juu ya bega la mama. Aliomba msaada kwa macho. Hapo ndipo Fundi angesema neno moja na mambo yakaishia pale ufukweni. Lakini mama mkwe alikuwa akilia kwa furaha, kilio ambacho Fundi hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba yao, na ulimi ukamwia mzito.

Baadaye alimvuta yule mtu pembeni. "Kaka, najua wewe siye. Njoo kesho ule kwetu, umwache afurahi kidogo. Nitamweleza mwenyewe, taratibu."

"Mimi nina mke, dada. Nina watoto."

"Mimi sikutaki wewe. Nataka ale. Huu mwaka wa tatu anakula kama kifaranga."

Yule mtu alikuwa mwema, na wema wake ndio ulioharibu kila kitu. Jumamosi, baada ya mbio za kwanza, alikuja amenawa, akaketi alipoonyeshwa. Mama mkwe alimvalisha shati la msumarini. Mikono ya shati ilimfika chini kidogo ya viwiko.

"Umerefuka," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mbona huongei? Wewe, wa kubishana na redio mpaka betri zinakwisha!" Akamgeukia Fundi kabla mtu hajajibu. "Bahari imemla sauti. Itarudi. Mpakulie tena."

Fundi alipakua. Mama alikula sahani nzima, akaongeza, akasimulia vituko vya Chiriku akiwa mtoto, na yule mtu akawa anacheka panapostahili. Mara moja, akipokea maji, alisema "asante, mke wangu," kwa kuwa mama alikuwa akimtazama. Fundi aliweka jagi chini akatoka uani. Alikuwa amekwisha kuzoea kutoitwa hivyo. Alisimama karibu na pipa la maji mpaka aliposikia mgeni akiaga.

Usiku ule hakumweleza mama. Alijiambia kesho, na kesho ndiyo hiyo ikawa Jumapili, siku ya mbio kubwa. Mama mkwe aliamka kabla ya wote, akajipaka mafuta, akasimama mbele ya watu akiita "Chiriku! Chiriku!" mpaka sauti ikamkauka. Wenye mashua yenye mstari mwekundu walimaliza wa nne. Hawakungoja zawadi kugawiwa. Upepo uliwafaa, wakapandisha tanga na kwenda zao kwao ng'ambo ya ghuba. Yule mtu hakugeuka. Fundi hakumlaumu.

"Anaenda wapi?" mama aliuliza.

"Kwao, mama."

"Kwao ni hapa."

"Mama, yule si Chiriku. Nilijua tangu Ijumaa. Nilimwomba mimi aje, ili ule, ili ufurahi. Chiriku alizama, mama. Nisamehe."

Watu waliokuwa karibu walijifanya wanatazama bahari.

"Kwa hiyo ulizungumza naye pembeni," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, lakini..."

"Mtoto amekuja. Amekula kwangu, amevaa shati lake, ameniita mama. Kisha wewe ukazungumza naye pembeni, na sasa ameondoka." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulimwambia nini, mwanamke wewe? Una nani mwingine?"

Kila neno ambalo Fundi angeweza kulisema lilikuwa limekwisha kugeuzwa kabla halijatoka. Muuza samaki alimshika mkono, akamwachia. Alikuwa na macho mazuri, lakini hakujua aamini lipi.

Kuanzia siku ile mama mkwe hakula tena chakula kilichopikwa na Fundi. Alijipikia uji wake mwenyewe kwenye jiko la pili. Sokoni alisema mwanawe yu hai ng'ambo ya ghuba, amefukuzwa na mkewe, na wanawake walimpa Fundi pole ambayo ndani yake mlikuwa na jiwe. Kaka yake Fundi alikuja kumchukua arudi kwao, Fundi alikataa. Bibi yule angebaki na nani? Na akiondoka, si ndiyo angekuwa amekiri?

Mwaka uliofuata mashua yenye mstari mwekundu ilikuja bila yule mtu. Mama mkwe alimwuliza baharia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitikisa kichwa kwa adabu. Fundi alisimama hatua chache nyuma yake, asijue kama anaruhusiwa kusogea, mpaka bibi alipochoka akakaa mchangani, mgongo umemwelekea.