Arlys Ndani ya Mkia wa Ndege

Kila Alhamisi saa kumi na robo alasiri Verlyn Tesch alizima mashine ya kukaushia nguo ili umeme umtoshe, akawasha kompresa ya upepo, akaiweka redio kwenye kituo cha muziki wa polka, kisha akamnyanyua mkewe kwa mkono mmoja na kumtia ndani ya mkia wa ndege.

"Angalia kichwa," alimwambia.

"Angalia chako," Arlys alijibu kutoka gizani.

Ndege yenyewe ilikuwa ya viti viwili, ya alumini, zile zinazoletwa nyumbani kwa lori ndani ya masanduku ya mbao, vipande vipande, pamoja na kitabu cha maelekezo. Verlyn aliiagiza siku aliyostaafu kiwanda cha karatasi. Ilikuwa imekaa miaka tisa katika gereji ya nyumba yao mjini Kettle Prairie, Wisconsin, na kwa miaka hiyo yote magari yao mawili yalilala nje kwenye theluji. Tangu masanduku yafike, Arlys alikuwa amepungua kutoka futi tano na nusu hadi kimo cha chupa ya maziwa.

Sababu yake ilijulikana na kila mtu. Ribiti, ule msumari mfupi wa kuunganishia mabati, haikubali fundi mmoja. Mmoja husimama nje na nyundo ya upepo, akapiga kichwa cha ribiti. Mwingine hukaa upande wa ndani na kukandamiza kipande cha chuma kwenye ncha yake, ili ribiti ipondeke na kuyashika mabati mawili pamoja. Wa nje anaonekana. Wa ndani anaingia popote pale panapotakiwa mtu aingie. Mwaka wa kwanza, walipokuwa wakiunda usukani wa nyuma, Arlys alitakiwa kuingiza mkono tu, na mkono ndio uliopungua. Mwaka wa tatu alitakiwa kuingia hadi kiunoni, na mwili mzima ukaufuata mkono kabla ya Pasaka. Walipofika kwenye mkia, mahali ambapo hata paka alikataa kuingia, yeye aliweza kutembea humo wima. Chuma hakikupungua naye. Alikiegemeza kwa mgongo, miguu yake ikisukuma ukuta wa pili, na nyundo ilipoanza kupiga alitikisika mwili mzima hadi kwenye meno.

Daktari alimpima, akasema uzito wake unaendana na kimo chake, akawapongeza wote wawili. Kanisani aliketi juu ya kitabu cha nyimbo. Ijumaa, mji mzima ulipokwenda kula samaki wa kukaanga, mhudumu alimletea kiti cha mtoto, akakirudisha, akaleta chupa ya haradali aegemee hapo. Jirani yao LaVonne Pribyl, aliyepungua akaishia futi nne kamili, alimwambia asijali. Yeye mumewe alikuwa mtu wa boti za kuvulia samaki, na boti haina kona nyembamba kiasi hicho.

Nyundo ya upepo hairuhusu maneno, kwa hiyo mke na mume walizungumza kwa kugonga, kama wafanyavyo mafundi wa ndege nchi nzima. Kugonga mara moja ni kusema nzuri, tuendelee. Mara mbili, bado, piga tena. Mara tatu, mbovu, itoe. Anayegonga ni wa ndani, maana ni yeye tu anayeona ribiti ilivyokaa. Katika miaka arobaini na moja ya ndoa, Verlyn hakuwahi kumtii Arlys upesi kama alivyoitii ile mara tatu.

Mwezi wa Machi kikaja kibati.

Sheria inataka kila ndege ibandikwe kibati cha chuma kisichoungua, kilichochongwa jina la aliyeijenga. Kililetwa na mtu wa posta, kikawekwa juu ya meza ya jikoni, na Arlys akakisoma kwa kutembea juu yake, herufi baada ya herufi. MJENZI: VERLYN A. TESCH. Alipofika mwisho alisimama.

"Mimi niko wapi?"

"Mstari ni mmoja, mama."

"Ribiti elfu kumi na nne, Verlyn."

"Na zote nimezipiga mimi."

"Ungepiga bila chuma nyuma ungekuwa umetoboa mabati tu. Nataka jina langu hapo. Arlys. Herufi tano. Sijakuomba kitu kingine tangu unioe."

"Uliomba lile jiko."

Hilo lilikuwa kweli, na mazungumzo yakaishia hapo. Kesho yake Verlyn alikifunga kibati ubavuni mwa ndege, karibu na mkia, kwa ribiti nne zinazofungwa kutoka nje, ambazo hazihitaji mtu wa ndani.

Mkaguzi wa serikali alifika Jumanne ya mwisho ya Mei. Aliitwa Delmar Hjelmstad, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa ameshinda miaka ishirini katika viwanda vya ndege huko Kansas kabla ya kupewa kalamu na muhuri. Alikula vipande viwili vya keki ya LaVonne, akavaa miwani, akaizunguka ndege kwa saa mbili bila kusema neno. Kisha aliingiza tochi na kioo chake chenye mpini ndani ya mkia.

"Habari za mchana, mama."

"Nzuri, baba. Usiguse waya wa usukani, nimeufunga sasa hivi."

Hjelmstad aliuliza uzito wake, akaambiwa ratili tatu, akauandika kwenye karatasi ya mizani ya ndege, katika safu ya vifaa vya kudumu. Alimwambia Verlyn kwamba kazi ya ndani ni safi kuliko zote alizowahi kukagua. Verlyn alishukuru. Lilikuwa limebaki swali moja tu ambalo sheria inataka liulizwe kwa sauti, na mkaguzi akaliuliza: ndege hii imejengwa na nani?

"Na mimi," alisema Verlyn. "Peke yangu, tangu ribiti ya kwanza."

Mkiani pakagongwa mara tatu.

Ribiti zilizokuwa karibu na sauti ile ni zile nne za kibati. Mtu aliyefanya kazi Kansas miaka ishirini habishani na mara tatu. Hjelmstad alichukua drili mezani, akazitoa zote, akampa Verlyn kibati mkononi. Verlyn akakifunga tena kwa ribiti mpya. Kwa kuwa fomu ilikatizwa, swali lilibidi lirudiwe. Verlyn akajibu kama mwanzo. Mkiani pakagongwa mara tatu. Waliendelea hivyo mpaka wakati wa chakula cha jioni, na matundu manne yakawa mapana kiasi cha kupitisha penseli.

"Siwezi kutia sahihi," alisema Hjelmstad. "Wa ndani amekataa."

"Wa ndani ni mke wangu."

"Najua. Wangu yuko humu kwenye mfuko wa miwani," alisema mkaguzi, akaupapasa mfuko wa shati lake. "Lakini yeye hagongi."

Alimpa Verlyn wiki mbili. Bila sahihi hakuna kuruka, na bila kuruka hakuna kwenda kwenye mkutano mkubwa wa ndege wa Julai, ambako Verlyn alikuwa ameshawaandikia watu wa klabu yake ya mafundi wa majumbani kwamba atafika akiwa angani. Siku tatu aliwaza, akakosa hamu hata ya jibini. Siku ya nne alipiga simu kwa mchongaji, na kibati kipya kilipofika aliwaita wanaklabu wote gerejini wakishuhudie. Waume walisimama na bia zao. Wake zao walipangwa kwenye benchi ya kazi, kila mmoja na mto wake wa kukalia.

Verlyn alitoa kitambaa juu ya kibati. BW. NA BI. VERLYN A. TESCH. Machozi yalimlengalenga.

"Haya. Sasa umo."

Arlys alitembea juu ya herufi zile kwenda na kurudi.

"Hiyo Bi. ndiyo mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Na Arlys?"

"Nafasi ilijaa, mama."

Kwenye benchi wanawake walitazamana, na mmoja wao, ambaye mumewe alikuwa mtu wa redio za zamani, alikohoa kwa sauti ndogo kama ya nyenje. Wanaume walipiga makofi.

Safari hii Verlyn hakutumia ribiti. Alikibandika kibati kwa gundi ya kudumu. Hjelmstad aliporudi na kuuliza swali lake, mkiani pakagongwa mara tatu, zikarudiwa, zikarudiwa tena. Mkaguzi aliinama, akakichunguza kibati kwa kioo pande zote nne. Alisema anasikitika, hapo hapakuwa na ribiti ya kutoa. Akatia sahihi.

Ndege iliruka. Arlys alisafiri mkiani, kwa kuwa mizani ilipigwa akiwemo, na bila yeye ingeinamisha pua. Waliwasili kwenye mkutano Jumatatu saa nne asubuhi, wakaegesha kwenye nyasi, katika safu ya ndege zilizojengwa majumbani. Zilikuwa mamia. Majaji walilala chali chini yake na tochi na vioo, na kwenye mikia mingi wanawake waliwasogezea miguu ili waone vizuri. Jaji mmoja kijana, mwenye adabu, alimwuliza Arlys yeye alifanya nini hasa.

"Nilishikilia chuma."

"Kwa muda gani?"

"Miaka tisa."

Jaji aliandika. Jioni Verlyn alipanda jukwaani kupokea tuzo, rafadha ndogo ya shaba kama ile izungukayo puani mwa ndege, kwa kazi safi ya ndani, na maneno ya jaji yakasomwa kwenye kipaza sauti: mke wake alikuwa mvumilivu sana. Watu elfu tatu walimpigia Arlys makofi. Hawakumwona, maana aliyekaa mbele yake alivaa kofia.

Novemba lori lilirudi na masanduku mengine. Ndege hii ilikuwa ndogo, ya kiti kimoja. Mkia wake ulikuwa mwembamba kama mkono wa koti. Verlyn aliupima kwa vidole, halafu akampima Arlys kwa macho.

"Itataka upungue kidogo. Kidogo tu."

Arlys alikuwa juu ya benchi, ameketi kwenye kopo la skurubu. Alisema ana sharti, na Verlyn achague. Kibati cha ndege hii kiandikwe Arlys Tesch na kisiandikwe kitu kingine. La sivyo, ndani ataingia Verlyn, na nje atapiga yeye, hata kama itabidi aisimamie ile nyundo kwa miguu yote miwili.

LaVonne, aliyekuja kurudisha bakuli, alivuta ndoo na kuketi juu yake aone mwisho.

"Nitaingia mimi," alisema Verlyn.

Alivua saa, akavua pete, akakunja mikono ya shati hadi kwapani. Aliusogeza mkono kwenye mdomo wa mkia, vidole vikaingia, kiganja kikakwama, akatulia hapo kungoja kupungua. Alingoja nusu saa. Alifumba macho, akashusha pumzi, akajaribu mkono wa kushoto. Mikono yote miwili ilikuwa myekundu na ilikuwa mikubwa vilevile. Hakupungua hata ukucha.

Aliutoa mkono, akautazama nyuma na mbele. Akasema inaonekana jambo hili liko kwa watu fulani na kwa wengine haliko, na hapana mtu atakayesema hakujaribu. Kibati, aliongeza, alikuwa ameshakiagiza pamoja na masanduku, kwa jina lake mwenyewe. Kisha, kwa mkono mmoja, alikishikilia wazi kifuniko kidogo cha bati, na mwingine akautandaza mbele ya benchi, amejiinamisha kidogo, kama bwana anayemfungulia bibi mlango wa gari.

"Karibu, mama."

"Mstaarabu sana huyu mzee wako," alisema LaVonne kutoka kwenye ndoo yake. Alikuwa amesahau bakuli mapajani.

Arlys alisimama, akajipangusa sketi. Alipokanyaga kiganja cha mumewe alikuwa ameshafika kimo cha kijiko.