Yai Halina Kinywa

Mimi ni mwoga, sifichi. Panya akikimbia juu ya dari, mimi nimeshapanda kiti. Mungu naye ana mizaha yake, akanipa mume anayependa mamba.

Wanaume wengine wa Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, walipenda pombe au wanawake. Feruzi wangu alikuwa fundi cherehani mpole, asiyemtazama mke wa mtu, lakini akimaliza kushona hukimbilia nyuma ya nyumba kwa wanyama wake. Alianza na kobe wawili. Wakafuata vyura waliotaga mpaka sufuria zangu zikajaa viluwiluwi. Halafu siku moja akarudi kutoka soko la mtoni na mamba jike, yule mfupi mweusi wa msituni ambaye wauzaji humfunga kinywa kwa kamba na kumuuza mzima kwa ajili ya chungu. Sisi wote tulimwita ngando, mkubwa na mdogo jina moja.

Kosa lake halikuwa kununua. Kosa ni kwamba sisi ni Waislamu, na kila mtu Kisangani anajua kwamba Mwislamu hali ngando. Mwenye kuuza akamuuliza, "Papa Feruzi, sasa weye utaifanya nini?"

Feruzi, kwa ukweli wake wa kijinga, akajibu, "Nitaifuga. Nataka izae."

Mdomo uliponza kichwa. Kwetu, mtu anayenunua ngando akamla ni jirani mwema. Anayemnunua, akamlisha samaki na kumkuna shingoni, huyo watu wanamjua kwa jina lingine: ni mtu wa ngando, anayemtuma mtoni usiku akamate watu. Jibu lile lilifika nyumbani kabla ya baiskeli yake.

Akatafuta na dume, akawaweka katika tangi la saruji na kuwarundikia majani yaoze, kwa sababu joto la majani yanayooza ndilo linaloangua mayai yao. Jike lilipotaga, Feruzi alikuwa akiingiza mkono katika yale majani polepole, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Mama yake alipotutembelea aliangalia tangi, kisha akaangalia tumbo langu. Miaka mitatu ya ndoa, na sikuwa na kitu.

"Hata ngando imekushinda, bibi arusi," akasema akicheka.

Nikacheka pia. Iliniuma sana.

Ndipo Emile, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akazama katika mto Tshopo, chini ya bwawa la umeme. Mwili haukuonekana. Nilikwenda matangani na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na nilipoingia wanawake wote wakanyamaza. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Niliweka sufuria chini nikarudi nyumbani.

"Ya Feruzi, watatuua," nilimwambia. "Toa hizi nyama zako za mu tangi."

Alfajiri aliwafunga wale wawili katika magunia, akawapakia kwenye baiskeli na kuwaachia katika kinamasi mbali na mji. Alirudi macho mekundu. Lakini mayai hakuyatoa. Aliyahamishia katika beseni pamoja na majani yake, akalisukuma chini ya kitanda chetu.

"Yayi haina kinywa, Kadidja," akaniambia. "Nani atayisikia?"

Kwa hiyo nikawa nalala juu ya mamba. Nilihisi joto lao mgongoni, na sijui kama lilikuwa joto au woga.

Nilikuwa na woga mwingine pia, ambao wanawake wote wa mjini tulikuwa nao. Miaka ile Chama, kile kimoja kilichotawala nchi nzima, kilitaka ngoma. Mkubwa yeyote akija kutoka Kinshasa, lori lilizunguka mitaani kukusanya wanawake vijana wakamchezee na kumwimbia. Wengine walirudi jioni. Wengine walipendwa na wakubwa, na hawakurudi siku hiyo. Odile wa jirani alikaa huko miezi mingi, na aliporudi hakumsalimu mtu, hata mama yake. Waliosamehewa ni wenye watoto wanaonyonya tu. Basi sisi tusio na watoto tulikuwa tunaazima: honi ya lori ikisikika, unamfunga mgongoni mtoto wa jirani. Mimi nilimwazima wa rafiki yangu Julie mara mbili.

"Utazaa yako siku gani?" Julie alinitania. "Huyu atachanganya matiti."

Siku waliyokuja kwetu ilikuwa mchana, baada ya sala. Mbele alikuwa Citoyen Likunde, yaani Mwananchi Likunde, kwa kuwa Chama kiliamuru tuitane hivyo, mwenyekiti wa Chama mtaani, amevaa abakosti, lile koti zito la Chama lisilo na tai, licha ya joto. Nyuma yake vijana wawili wenye fimbo, kisha baba wa Emile, na nyuma yao mtaa mzima. Niliona mawe mikononi mwa watu ambao nilikuwa nawauzia nyuzi.

"Citoyen Feruzi, ngando zako ziko wapi?" Likunde akauliza.

"Nilizirudisha mu pori, Citoyen Président."

"Donc, basi zilikuwa!" baba wa Emile akapiga kelele. "Umesikia mwenyewe! Mwana wangu! Ulimupeleka mwana wangu kwa nani?" Akalia kama mtoto, na mimi niliyekuwa namwogopa nikamhurumia.

Likunde aliinua mkono. "Tutatafuta. Tukikuta kitu ya ngando mu hii nyumba, hata moja, mie nitaenda zangu. Batu watajua namna ya kufanya."

Wakatazama tangi, tupu. Wakapindua masanduku, wakamwaga unga. Kijana mmoja alimshika Feruzi shati mlangoni mwa chumba chetu, mwingine akainua godoro. Likunde mwenyewe akainama na kuchungulia chini ya kitanda.

"Ile beseni iko na nini?"

"Mbolea ya bustani," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

Hapo hapo yai moja likalia. Nyak. Sauti ndogo, kama kwikwi. Kisha jingine likaitika. Nyak, nyak.

Feruzi alikuwa amenieleza tangu zamani: siku ikifika, mtoto wa mamba hulia ndani ya yai, akimwita mama yake aje kumfukua. Mmoja akianza, wote wanaamka. Nilimwangalia mume wangu. Uso wake ulikuwa umekufa tayari.

Nikafungua kinywa nikaimba.

Niliimba wimbo wa Chama, kwa nguvu zangu zote, na kupiga makofi. Na kila mtu alijua sheria ambayo haikuandikwa popote: wimbo wa Chama ukianzishwa hauachwi peke yake. Asiyeitika leo ataulizwa kesho kwa nini. Likunde, mkono wake umeshagusa beseni, akasimama wima na kuanza kupiga makofi. Vijana wakaangusha fimbo. Nikageuka, nikatoka nikicheza kinyumenyume hadi uani, kama afanyavyo kiongozi wa kundi, nao wakanifuata, kwa sababu kiongozi hufuatwa. Watu waliokuwa na mawe wakayatupa ili wapate mikono ya kupigia makofi. Hata baba wa Emile alikanyagakanyaga, machozi yakimtiririka. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sijawahi kuimba vizuri vile.

Niliponyamaza, Likunde alikuwa anajifuta jasho, anatabasamu. "Bon! Tumetafuta, tumekuta hapana kitu," akawatangazia. "Nyumba inayoimba Chama hivi haiwezi kuwa ya ndoki, ya muchawi. Kila mutu kwake."

Nilisema moyoni, tumepona.

Lakini yeye hakuondoka. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, bila haraka.

"Citoyenne, sauti ya namna hii ilikuwa inajificha wapi? Kesho wakubwa wanafika. Kamyo inangoja pale njiani. Vaa kikwembe, tuende." Kisha akauliza swali lile ambalo wote waliuliza. "Uko na mutoto anayenyonya?"

Julie alikuwa amesimama ukutani, mtoto mgongoni. Niliona mkono wake ukienda kwenye fundo la kitambaa, tayari kunipa.

Wakati huo huo, dirishani mwa chumba chetu, watoto wa ngando wakaanza tena. Walikuwa wamenisikia nikiimba, nadhani, wakafikiri mama yao amejibu. Sasa walilia wote.

Kijana mmoja akageuza kichwa. "Président, nasikia kama mutoto analia mu chumba."

"Mutoto?" Likunde akanitazama. "Ni wako? Mulete tumuone."

Wote wakaningoja. Ningesema ndiyo, ningebaki. Na wangetaka kumwona.

"Hapana," nikasema. "Sina mutoto. Ile ni mashini ya bwana yangu. Imezeeka, inalia hata upepo ukizungusha gurudumu."

Feruzi alielewa. Alijivuta hadi kwenye cherehani yake pale uani, chini ya dirisha lile lile, akaketi, akaanza kukanyaga. Kwa kweli ilikuwa imezeeka. Ilipiga kelele uani kote, ikafunika kila kitu.

Wakanishika mkono. Julie alisema kitu, sikukisikia. Feruzi hakusimama kuniaga, hakuweza kusimama. Alikuwa anakanyaga na kukanyaga, machozi yakimdondokea mikononi, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Nilipopandishwa kwenye lori bado nilikuwa namsikia.