Dakika Mbili za Bwana Mumby

Jumanne asubuhi Cyril Ottaway aliingia kwenye ukumbi wa kanisa huko Acton, akatazama sakafu, akajua kazi yake imekwisha.

Vyumba vya mchezo wa kuchekesha wa runinga huchorwa pale chini kwa utepe wa kunata, ili waigizaji wafanye mazoezi wiki nzima kabla ya kurekodi studio Jumapili. Sebule ni utepe wa bluu, jiko ni wa njano. Chumba cha Bwana Mumby, mpangaji wa ghorofani aliyeigizwa na Cyril, kilikuwa chekundu kwa miaka kumi na mmoja. Leo utepe mwekundu haukuwepo.

"Thelma, binti yangu, chumba changu kiko wapi?"

Thelma, msaidizi wa jukwaa, alikuwa amepiga magoti, mkasi mkononi. Hakuinua uso. "Kunywa chai kwanza, mzee."

Akanywa. Alingoja kuumia, asiumie. Ilikuwa kama ufizi ukishadungwa sindano ya ganzi na daktari wa meno: unabonyeza, unajua ni wako, husikii kitu.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alianzia Oldham, kwenye kikundi cha maigizo kilichobadilisha mchezo kila wiki. Ikafuata miaka ishirini ya kuchekesha watalii wa pwani huku mvua ikipiga paa, halafu tangazo la unga wa mchuzi, halafu Mumby. Kabla ya Mumby, watu waliomkuta dukani walidhani ni fundi bomba waliyewahi kumwita.

Prodyuza wao, Lyle, akamvuta pembeni. "Mumby amehamia Kanada kwa dada yake, Cyril. Mwenye nyumba atalitaja hilo mwanzoni, sentensi moja. Wakubwa wanataka sura changa."

"Sawa. Ila nitoke mlangoni mwenyewe, na sanduku langu. Watu wameniona miaka kumi na mmoja. Nisiondoke kwa kusemwa tu."

"Kipindi kimejaa, ndugu yangu. Mwigizaji mwenzako akikuachia dakika mbili zake, mwandishi atakuandikia. Mimi sina."

Mwenye dakika za kuachia alikuwa Enid Truscott peke yake. Yeye ndiye aliyeigiza Bi Hobday, mwenye nyumba, na tangu mwaka 1971 hakuwa amemwambia Cyril neno nje ya mchezo zaidi ya salamu. Mwaka huo Cyril alikohoa katikati ya utani wa Enid, na watu wakacheka kikohozi badala ya utani.

Alimkuta kwenye kiti cha kukunja, akijaza fumbo la maneno la gazeti.

"Enid, nina ombi."

"Unakufa?"

"Hapana. Nahamia Kanada."

"Nimesoma. Sasa mbona umesimama kama unasubiri jeneza? Kaa."

Akakaa. "Nataka dakika mbili. Nitoke vizuri."

"Sehemu yangu ya kumpigia simu muuza nyama ni dakika mbili. Inachekesha sana ile simu."

"Najua."

"Ulikohoa, Cyril."

"Nilikohoa."

"Makusudi."

"Makusudi."

Enid akajaza neno moja kwenye fumbo, taratibu. "Miaka saba nasubiri useme hivyo, mzee mkaidi wewe. Zichukue. Ila usinilize mbele ya kamera, nina wanja mwingi."

Mwandishi aliandika sehemu fupi isiyo na utani hata mmoja. Mumby anashuka ngazi na sanduku, anaweka ufunguo mezani, anasema, "Asante kwa chumba, Bi Hobday." Anatoka.

Jumapili watazamaji mia tatu walijaa kwenye mabenchi ya studio. Cyril aliposhuka ngazi wakacheka, kama walivyocheka kila aliposhuka ngazi zile. Akaweka ufunguo, wakacheka zaidi. Akasimama kungoja kicheko kiishe, kama alivyofunzwa Oldham. Kikaisha. Akasema maneno yake, polepole, kwa sauti yake mwenyewe badala ya ile ya Mumby. Mtu mmoja safu ya tatu akaguna kwa kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata.

Enid hakucheka. Alitakiwa kusema, "Safari njema." Badala yake alimshika kola ya koti, akainyoosha, akaipigapiga kidogo. Hilo halikuandikwa popote. Cyril akafungua mlango, akatoka.

Nyuma ya mlango kulikuwa na plaiwudi, nyaya, na fundi wa taa anayekula tufaha. Kicheko kule ndani kikageuka makofi. Yalikuwa makofi marefu. Lyle angelazimika kuyakata. Cyril alisimama na sanduku tupu mkononi. Alichoomba amekipata. Alingoja kitu kimpate, furaha au uchungu, chochote. Fundi akatupa mabaki ya tufaha kwenye ndoo.

Mama wa mavazi akaja na hanga. "Koti, mpenzi. Kuna mwigizaji mwingine analivaa kesho."

Akalivua. "Nimetoka vizuri?"

"Sikuona, mpenzi. Nilikuwa napiga pasi."

Cyril akatikisa kichwa kukubali, akamkabidhi na sanduku, akaenda kutafuta viatu vyake.