Nyimbo za Falonne kwenye Diski D

Jumamosi iliyokuja ingekuwa siku ya kuondoa kilio cha Falonne, kumaliza matanga yake, na ukoo mzima ulikuwa umeahidiwa jambo moja: watu wakishakula, watamsikia marehemu mwenyewe akiimba. Nyimbo arobaini na moja, alizojirekodi kwa mazoezi ya kwaya, zilikuwa kwenye kompyuta ya mama yake, Julienne, katika diski D. Hazikuwepo mahali pengine. Simu ya Falonne iliibiwa mpakani Kasumbalesa miezi miwili kabla hajafa.

Jumatano jioni Julienne aliwahi kwenye darasa la kompyuta, mashine yake kifuani. Mwalimu Caleb alikuwa peke yake akifuta ubao.

"Mama Juli! Leo umepita hata bale bijana kwa kuwahi."

"Mwalimu, D haiko."

Caleb aliifungua mashine, akaitafuta D mwenyewe. "Mama, ulifanya nini?"

Julienne alieleza. C ilikuwa imejaa, kompyuta ikawa nzito kama jiwe. Akakumbuka somo la wiki iliyopita, Caleb aliposema kwamba diski ni kama parcelle moja, kiwanja kimoja, yenye nyumba mbili na ukuta katikati. Hilo alilielewa kuliko yote aliyofundishwa. Kwake, marehemu mumewe alijenga ukuta sebuleni ili wapate mpangaji. Mpangaji alipohama waliubomoa, sebule ikawa pana, na kabati za upande ule zikabaki palepale. Basi Ijumaa alifanya ishara ya msalaba, akafuta D, akaipa C nafasi yote.

"Mashine haikukuonya?"

"Ilisema vitu vyote vitapotea. Lakini ile mashine inaogopeshaka bantu kila siku! Na wewe unasemaka, 'Mama, bonyeza oui, bonyeza ndiyo.'"

Caleb hakucheka. "Na kisha?"

"Kisha nafasi ilikuwa mingi. Nikaweka misa."

Misa za Pasaka, ubatizo, komunyo ya kwanza: video zote alizopewa kuitunzia parokia. Alizinakili siku nne, akimshukuru Mungu kwa nafasi. Jana tu ndipo alipozitafuta nyimbo.

"Mama," Caleb alisema polepole, "kufuta D si kubomoa ukuta tu. Ni kuchana daftari yenye kuonyesha kila kitu kiko wapi. Vitu vinabakiaka kwanza, lakini mashine inaona pale ni pa bule, hapana kitu. Ukileta kingine, kinaikala juu yake."

"Misa ziko juu ya Falonne?"

Caleb aliangalia kibodi. "Nilifundisha mubaya. Unisamehe."

Alianzisha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Julienne alifumba macho. Hakuomba nyimbo arobaini na moja, aliomba mmoja. Baada ya saa nzima majina ya nyimbo yakaanza kurudi, moja chini ya jingine, kama Falonne alivyoyaandika.

"Asante Yesu!" Julienne alipiga makofi.

Caleb akafungua wimbo wa kwanza. Mkwaruzo. Wa pili, kimya. Wa kumi na tisa ulitoa pumzi moja, ya mtu anayejiandaa kuimba, kisha mkwaruzo.

"Hii niitunze?"

"Pumzi, Mwalimu? Bantu nitabapa pumzi?"

Caleb aliendelea mpaka wa arobaini na moja. Hakuna.

Simu ya Julienne ikalia. Alikuwa Chama, shangazi wa Falonne. "Mama Falonne! Tumepata spika mbili, kubwa sawa frigo! Bandugu ba Kasenga bamefika bote. Mutoto ataimba mpaka kule mbali Mokambo basikie!"

"Chama, murudishe spika."

"Mbona? Juu ya nini?"

"Nilimufuta."

Chama alicheka. "Ulifuta nani, wewe?"

Julienne alitaka kusema ni mashine, au ni Mwalimu. "Falonne," alisema.

Kicheko kikakatika. Julienne alisubiri Chama aseme neno lolote, hata tusi. Upande wa pili wa simu alisikia wageni wakiuliza kwa Kibemba kuna nini.