Mzee Darnley Ataja Kikosi

Mzee Darnley Yearwood hakuwa mtu wa kupiga simu redioni bila tai. Ndiyo, tai. Redioni. Mkewe, Bi Coral, alishachoka kumwambia kwamba hakuna anayemwona, na yeye alishachoka kumjibu kwamba mtu hazungumzi na nchi nzima amevaa kandambili. Kila timu ya kriketi ya Visiwa vya Karibi ilipokaribia kucheza mechi zile za siku tano tano, Mzee Darnley alioga, akanyoa ndevu, akafunga tai yake ya buluu, akaketi barazani na daftari, kisha akapiga simu kwenye kipindi cha Orville Catwell na kuitajia Barbados nzima kikosi chake cha watu kumi na mmoja.

Na hakuwahi kupatia. Miaka ishirini na miwili! Si kwamba kriketi alikuwa haijui. Aliijua mpaka inakera. Lakini chipukizi yeyote aliyemtaja redioni, basi, kwisha habari yake. Alimtaja mlinda wiketi mmoja wa Speightstown, wateuzi wa timu wakamwacha, leo hii anauza bima. Akamtaja mpigaji wa Antigua, kesho yake jamaa akavunjika kidole akifungua kopo la dagaa. Jambo hili watu wa kijijini kwake, Checker Hall, walilijua wote, kasoro mwenyewe. Yeye aliamini kwamba wateuzi wanamsikiliza, halafu wanafanya kinyume kwa sababu ya wivu tu.

Sasa Waingereza walikuwa wanakuja, mechi ya kwanza Bridgetown. Nafasi moja ya mrushaji wa kasi ilikuwa wazi, na jina lililokuwa midomoni mwa watu ni Jamario Skeete, wa hapo hapo Checker Hall, nyumba ya tatu kutoka duka la ramu, mchumba wa Kizzy, binti pekee wa Mzee Darnley. Jamario alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mrushaji wa kasi wa umri huo akiachwa safari hii, haitwi tena, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Jumatano mchana mama yake Jamario, Bi Ermine, aliingia na bakuli la ugali wa bamia, samaki panzi wawili juu yake na mchuzi unaelea. Mzee Darnley akashtuka. Mwanamke huyu hakuwahi kumpa hata glasi ya maji.

"Kula kwanza, Darnley."

"Nakula. Haya, sema unachotaka."

"Kesho unapiga simu?"

"Lini nimekosa?"

"Basi kesho ukose. Na kama huwezi kukosa, mwanangu usimtaje."

Kijiko kikaishia hewani. "Nisimtaje? Mimi? Mkwe wangu mwenyewe? Huyo ndiye wa kwanza kwenye daftari! Nimeandika kurasa tatu!"

"Ndiyo maana nimekimbia na bakuli la moto hivi, mkono umeungua. Darnley, mdomo wako una nuksi."

Mzee akamgeukia mkewe apate msaada. Bi Coral alikuwa anakagua kucha zake.

"Coral, unamsikia huyu?"

"Namsikia."

"Halafu?"

"Halafu samaki wanapoa, mume wangu."

Kizzy akatoka ndani, akakaa karibu na baba yake, na kwa sauti ya upole kabisa akaanza kumtajia. Yule wa Speightstown. Yule wa dagaa. Yule wa Guyana aliyeitwa kambini akakuta jina lake limefutwa akiwa bado kwenye ndege. Yule wa St. Kitts aliyeacha kriketi akaokoka. Alipofika wa tisa, Mzee Darnley akainua mkono anyamaze. Iliuma, jamani. Miaka yote ile alidhani watu wanamwachia kiti dukani kwa heshima, kumbe wanaogopa asije akawataja watoto wao.

"Basi sipigi," alisema.

"Subiri," alisema Bi Ermine, na macho yakaanza kumng'aa. "Hebu tufikirie vizuri. Ukimsifu mtu anaachwa, sivyo? Sasa je, ukimponda?"

Wakatazamana wote wanne.

"Hapana," alisema Mzee Darnley. "Mimi sidanganyi kwenye mambo ya kriketi. Hata kanisani nimedanganya, lakini siyo kwenye kriketi."

"Baba," alisema Kizzy. "Ni Jamario."

Basi, mzee akakubali. Bi Ermine akatoa amri moja ya mwisho: mpaka majina yasomwe Ijumaa saa sita mchana, neno jema kumhusu Jamario lisimtoke mdomoni, hata akiwa chooni.

Alhamisi saa kumi akapiga simu. Alianza vizuri, maana uchambuzi ulikuwa ule ule wa kurasa tatu. Alieleza kwamba uwanja wa Bridgetown asubuhi una unyevu na mpira unaruka. Alieleza kwamba wapigaji wa Kiingereza ni warefu, hawapendi mpira unaowapanda kifuani, na kwamba anayehitajika hapo ni mrushaji wa kasi, mwenye pumzi, anayeujua upepo wa hapa nyumbani. Dukani watu waliacha dhumna, wakashika vichwa. Kila neno lilikuwa linamwelekea Jamario moja kwa moja.

"Kwa hiyo, Darnley," alisema Orville, "unamtaka Jamario Skeete?"

Bi Ermine, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya kiti, akamfinya paja.

"Skeete?" alisema Mzee Darnley. "Yule hafai! Anakuja mbio kama mtu anayewahi choo. Mpira ukifika kwa mpigaji umeshachoka, unaomba chai. Bibi yangu angeupiga, na alizikwa mwaka wa sabini na nne! Mpeni mfuko wa barua agawe, angalau mbio zile zipate kazi."

Orville alicheka mpaka akaweka tangazo la saruji. Dukani walipiga meza. Bi Ermine akambusu mzee kwenye upara. Mpango ulikuwa umekamilika, umepigwa msasa, hauna hata tundu, isipokuwa kitu kimoja. Katika wale watu wanne wenye akili timamu, hakuna aliyekumbuka kumwambia Jamario.

Jamario alisikia akiwa kambini Bridgetown, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, pamoja na warushaji wengine sita.

Ijumaa, dakika kumi kabla ya saa sita, alifika na begi begani. Barazani wamekaa wale wale wanne. Redio iko mezani, Bi Ermine ana rozari aliyoazima, na yeye si Mkatoliki.

"Sijaja kukaa," alisema Jamario. "Nimekuja kumuaga Kizzy. Naenda Toronto kwa mjomba, anapaka rangi nyumba. Nikimaliza hapa nawapigia wateuzi, wasinihesabu."

"Wewe!" Kizzy akaruka. "Umerogwa?"

"Mzee ameniona narusha mpira tangu nina miaka tisa. Yeye ndiye alinifundisha kushika mshono wa mpira. Wengine wakisema sijali. Yeye akisema sifai, basi sifai, nami sitaki kwenda kuaibika mbele ya Waingereza siku tano."

"Ilikuwa hila!" alisema Bi Ermine. "Hila, mwanangu! Ili wakuchague!"

"Mama, wewe utasema chochote." Jamario hakumtazama hata. "Nataka kumsikia yeye."

Macho yote yakamwendea Mzee Darnley. Bi Ermine akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akaonyesha saa ya ukutani. Zimebaki dakika nne. Dakika nne tu za kufunga mdomo, na mdomo wenyewe ndio huo.

Jamario akangoja. Halafu akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba.

"Rudisha simu," alisema Mzee Darnley.

"Darnley, nyamaza!" alipiga kelele Bi Ermine.

"Sinyamazi! Sikiliza, we kijana. Nimetazama warushaji tangu nikiwa nakaa mabegani kwa baba yangu. Wewe ndiye bora kuliko wote niliowaona kutoka upande huu wa kisiwa, na nimewaona wazuri. Ule mpira wako unaoingia ndani dakika ya mwisho, mimi nikiuona usiku silali kwa raha. Jana nilidanganya nchi nzima, nikajichukia. Sasa nimesema, na kama nimekuua, nisamehe."

Bi Ermine alijifunika uso kwa aproni akaanza kulia kwa sauti ya msibani. Jamario alisimama pale pale, begi likamteleza begani likaanguka, naye hakuliokota.

Redio ikapiga saa sita. Msomaji akakohoa, jitu lisilo na huruma, akaanza kusoma majina kumi na matatu kwa mwendo wa mtu anayekula samaki mwenye miiba. La kumi na mbili lilikuwa la Mtrinidadi. La kumi na tatu lilikuwa Jamario Skeete.

Sijui nikueleze vipi kelele zile. Meza ilipinduka. Kizzy alimrukia mchumba wake shingoni, Bi Coral alicheza na ufagio, na kutoka dukani wanaume walikuja mbio wakimshangilia Mzee Darnley. "Mzee, umemponda sawasawa! Umemwokoa! Mponde na wa kwangu!" Yeye alikuwa amekaa tu. Alikuwa amepatia. Kwa mara ya kwanza maishani alisema fulani ndiye, na fulani akachaguliwa, na mashahidi wanne walikuwepo.

Simu ikalia.

"Tuko hewani!" alisema Orville Catwell, akicheka. "Darnley wa Checker Hall! Jana umemtuma Skeete akagawe barua, leo yumo kikosini. Miaka ishirini na miwili, mzee, hujapatia hata mara moja! Unasemaje?"

Mzee Darnley akafungua mdomo. Kisa kizima kilikuwa pale kwenye ulimi, kitamu, na nchi nzima inasikiliza. Ndipo akakumbuka kwamba waliosomwa ni kumi na watatu, na wanaoingia uwanjani ni kumi na mmoja, na hao watatajwa asubuhi ya mechi, wiki mbili mbele. Akamtazama Jamario. Jamario alikuwa amekumbuka jambo hilo hilo, maana sasa alikuwa anamtazama mzee kwa macho ya kuomba.

"Nasema wamekosea," alijibu Mzee Darnley, na machozi yanamshuka. "Hafai, Orville. Mechi ya kwanza wamwache nje."

Jamario akaja akapiga magoti, akamshikia simu sikioni.

"Endelea, baba," alimnong'oneza. "Sema na mbio."

"Na zile mbio zake," alisema Mzee Darnley, "ni aibu tupu."